Mwenyekiti wa jumuiya: sala zangu za alfajiri niziweke kundini ili watu wafuate?

MamaVitumbua_Bwy
Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na salamu kwa wa dini zote humu.

Nipo Bagamoyo, nauza vitumbua na chai, kwa hiyo saa kumi alfajiri niko macho. Muda ule kabla sijawasha jiko ndio wangu na Mungu, miaka mingi sasa. Nasoma Injili ya siku, nasali kidogo, nakaa kimya. Adhana ikilia najua muda umeisha, nakoka mkaa.

Mwaka huu jumuiya yetu, kikundi cha Wakatoliki majirani tunaosali pamoja, wamenichagua mwenyekiti. Sikuomba, aliyekuwepo alihama, macho yote yakanigeukia. Hali yetu wengi mnaijua: Jumamosi tunakuja akina mama wale wale na watoto, wanaume wanatuma mchango kwa simu na hawaonekani mpaka kuna msiba, au mtoto anakaribia komunyo ya kwanza na karatasi inataka saini yangu.

Katibu wetu, kijana mwenye moyo kwelikweli, akaja na wazo: niwe narekodi sala yangu kila alfajiri na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Anasema kiongozi asiyeonekana akisali hamvuti mtu, na Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo. Nikaanza. Amina zinamiminika. Ila sasa nikifumba macho, nusu ya akili iko kwenye simu. Nachagua maneno. Jogoo wa jirani akiwika katikati, nafuta narekodi upya! Na ule ukimya ndio umekwisha kabisa, maana ukimya nani atautuma?

Nikiacha, wataona nimepoa. Nikiendelea, nakauka mimi. Mliowahi kuongoza jumuiya, kwaya au vikundi vya sala, nisaidieni. Mathayo 6, ile ya kusali sirini, naijua, msinichape nayo tu; nielezeni inatendekaje kwa mtu mwenye watu nyuma yake.

Kaole_Juu
Nimeweka kiti hapa.

Mzee wa Pongwe
Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi Mlutheri wa Tanga, nilikuwa mzee wa kanisa, sasa nimepumzika.

Huyo katibu kamsoma Paulo, sasa asome Luka 11. Wanafunzi walimkuta Yesu anasali, wakangoja amalize, ndipo mmoja akamwomba awafundishe. Hakuwaitia mkutano waje wamwone. Na Luka 5 inasema alikuwa akijitenga mahali pasipo watu, tena wakati makutano wanamtafuta awaponye. Marko 1 ndiyo hunigusa zaidi: katoka alfajiri na mapema, akina Simoni wakamfuata mbio kumwambia watu wote wanakutafuta. Akasema twendeni miji mingine. Angesikiliza kelele ya pale mlangoni, angebaki Kapernaumu.

Mwenyekiti anaamuliwa mambo na kila mtu: michango, harambee, nani kamnunia nani. Asipokuwa na pa kukaa peke yake na Mungu, anageuka karani wa jumuiya. Watu wako hawajapungukiwa sauti kwenye simu. Siku utakayoletewa ugomvi wa mke na mume saa nne usiku, wewe umechoka na unga haujakandwa, ndipo watajua kama unasali.

Mtoto wa Mlingotini
Napingana kidogo na mzee. Danieli alisali mara 3 kwa siku, madirisha wazi kuelekea Yerusalemu, na amri ya mfalme ya kukataza sala anaijua. Mimi nilirudi kanisani kwa kumsikia mama mkwe akisali chumba cha pili, anatutaja mmoja mmoja. Angenong'ona nisingesikia. Tena wapo viongozi wanaosema "nasali faraghani", kumbe hawasali popote.

Mzee wa Pongwe
Hapo mwishoni umesema kweli, ninawajua. Lakini Danieli alifanya vile vile alivyokuwa akifanya tangu zamani. Na mama mkwe wako hakuwa anasali ili wewe usikie.

Abuu Dunda
Mimi Mwislamu, nimepita tu. Riyaa, yaani kufanya ibada ili watu wakuone, tunaonywa tangu madrasa. Ila masheikh hutuambia pia kwamba kuacha amali kwa sababu ya macho ya watu nako ni mtego. Angalia nia, dada yangu, simu ni chombo tu. Na adhana endelea kuitumia, hatukudai.

Katekista Mstaafu
Milele amina. Nilikuwa nikiwapeleka watoto wa komunyo kule misheni, nawapitisha makaburini. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na wengi waliolala pale walikufa vijana kabisa. Kazi walikuwa nazo: mashamba, shule, watu waliokombolewa utumwani. Bado padre alibanwa na sala za vipindi kila siku, awe na homa au asiwe nayo.

Ushauri wangu: simu isiingie kwenye saa yako, basi. Kundini patumwe masomo ya siku tu, na wapokezane, leo huyu kesho yule. Katibu asimamie, wazo lake lisife. Wanaume usiwangoje Jumamosi. Wafuate nyumbani, muulize kila mmoja angependa aombewe nini, kisha alfajiri mtaje kwa jina. Mtu akijua anatajwa, huja mwenyewe kuuliza. Na ile karatasi ya komunyo usiigeuze fimbo, wengi tumewapoteza hivyo.

MamaVitumbua_Bwy
Asanteni sana, na wewe Abuu Dunda. Nimeongea na katibu. Alinuna kidogo, kisha akakubali: masomo watatuma vijana kwa zamu. Mimi nimechukua daftari la mahudhurio, naanza na wasiokuja. Ni wengi kuliko wanaokuja, sijui kama alfajiri itatosha.

Mtoto wa Mlingotini
Na wakiuliza sauti ya alfajiri imepotelea wapi?

MamaVitumbua_Bwy
Mmoja kauliza tayari. Nimemwambia Jumamosi nafika nusu saa kabla ya wengine, akitaka aje tukae.

Kaole_Juu
Mama, jumuiya yenu iko mtaa gani? Mimi ni wale wa kutuma mchango kwa simu.

MamaVitumbua_Bwy
Nicheki PM.