Mjadala: Bukta marufuku kwenye mabwawa ya Ufaransa. Ni usafi kweli?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Jumamosi nilikwenda bwawa moja la manispaa huku Ufaransa ninakosoma. Nimelipa, nimevua viatu, nimeoga, nimekanyaga lile karo la kusafishia miguu, nikatokea bwawani na bukta yangu ya kuogelea inayofika gotini. Sijagusa maji, filimbi ikalia. Mlinzi hakunigombeza, alininyooshea kidole ukutani tu. Pana michoro miwili: chupi ya kuogelea ina tiki ya kijani, bukta imepigwa mstari mwekundu. Nikarudishwa mapokezi, na hapo ndipo nilipochoka. Kuna mashine kama zile za kuuza soda, ila ndani zimepangwa chupi za kuogelea na kofia za kuogelea. Unatumbukiza hela, inadondoka chupi.

Kwa asiyejua: hakuna sheria ya nchi inayotaja bukta. Kila manispaa ina kanuni zake, ila nyingi zinafanana. Mwanaume avae kitu cha kubana, chupi au boksa fupi, na sehemu nyingi kofia juu. Baharini hawana neno, hata Marseille watu wanajitosa na bukta zao ndefu. Ni bwawani tu.

Sababu yao ni kwamba bukta mtu anaweza kushinda nayo mchana kutwa, akakalia benchi la kituo cha basi, akala nayo chipsi, kisha akaja kuzama nayo. Chupi ya kuogelea hakuna anayekatiza nayo barabarani. Sawa, ina akili. Lakini yangu niliitoa kwenye begi, imefuliwa na kukunjwa. Na wakati narudishwa, niliona jamaa watatu wanapita bafuni, wamejimwagia sekunde mbili, hata kwapa halijalowa, wakazama. Wamevaa sawasawa na mchoro. Nani kachafua maji hapo?

Fundi wa pampu

Mkuu, mimi kazi yangu ni mitambo ya mabwawa, hotelini, Mombasa. Ngoja nikupe upande wa chumba cha mashine.

Ile harufu kali ambayo watu wanasema "wameweka klorini nyingi" si klorini yenyewe. Ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo ikazaa kloramini. Hiyo ndiyo inayowasha macho na kukohoza watu, hasa bwawa likiwa ndani ya jengo, na mabwawa mengi ya kule yako ndani. Wafaransa wameiwekea kikomo: isizidi miligramu 0.6 kwa lita. Tena kwa kila muogeleaji anayeingia wanatakiwa kuongeza walau lita 30 za maji mapya kwa siku, na maji yale yanapashwa moto. Zidisha kwa watu mia tano uone bili. Kila uchafu anaouzuia mlangoni, meneja ameokoa hela.

Sasa njoo kwetu siku ya Idi. Wageni wanaingia na jinzi zilizokatwa magotini. Jioni nikifungua kikapu cha chujio nakuta nyuzi za jinzi zimesokotana kama mkia wa mbuzi, tishu, tiketi ya matatu, na safari moja bazoka iliyonata pembeni. Kwani vinatoka wapi? Mifukoni! Chupi haina mfuko. Mengine mtabishana wenyewe, mimi hilo la mifuko linanitosha.

Mtu wa Tanga

Fundi, hoja ya mifuko nimeipokea, lakini si bukta zote zina mifuko. Mimi langu ni sitara. Sisi tuliokaa chuoni kwa maalim tulifundishwa kwamba uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na goti. Mtu mzima mwenye wajukuu anavaaje kile kitambaa mbele za watu, wakwe zake wakiwemo?

Na kuna kitu kinanichekesha. Waogeleaji wa mashindano wana kile kivazi cha kubana kinachofika gotini. Shirikisho la kuogelea la dunia liliweka mpaka tangu 2010: kwa wanaume nguo isipande juu ya kitovu wala kushuka chini ya goti. Utadhani walikaa na maalim wangu wakapatana! Kinabana, hakina mfuko, huwezi kukivaa sokoni. Lakini kuna mabwawa huko huko yanakikataa kwa sababu ni kirefu. Hapo usafi umeingilia mlango gani?

Dada wa Mbweni

Kaka zangu, mmeambiwa bukta tu mmeshaanza kulia. Ya Grenoble mliyasikia? Mei 2022 baraza la jiji chini ya meya Éric Piolle lilipitisha kanuni kwamba nguo zisizobana ziruhusiwe mradi zisipite nusu ya paja. Kila mtu alijua inayolengwa ni burkini, lile vazi la kuogelea la wanawake wa Kiislamu linalofunika mwili, kwa sababu lina sketi isiyobana. Serikali ikaenda mahakamani, na Juni 21 Conseil d'État, mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, ikaikataa. Ikasema kulegeza sharti la kubana kwa ajili ya kundi moja kunaharibu usawa na kuvuruga huduma ya umma.

Ila mahakama hiyo hiyo, Agosti 2016, ndiyo iliyosimamisha marufuku ya burkini kwenye ufukwe wa Villeneuve-Loubet. Baharini ruksa, bwawani hapana. Na Rennes wao walishafungua mlango tangu 2018, nguo yoyote mradi imetengenezwa kwa ajili ya kuogelea. Kwa hiyo mnaposema "Ufaransa inakataza", semeni manispaa gani.

Mleta mada

Dada, umenisahihisha, nimekubali. Mzee wa Tanga, kile kivazi cha gotini nitauliza kwanza kabla ya kununua, maana hela ya mwanafunzi haina mchezo.

Lakini baada ya kumsoma Fundi nimeona kitu. Kinachochafua maji zaidi ni jasho, na dawa yake ni sabuni. Kanuni za bwawa lile zinataka uoge kwa sabuni kabla ya kuingia, zimeandikwa ukutani hapo hapo. Ila kuoga hakuonekani. Mlinzi hawezi kusimama bafuni kukagua nani kasugua nini. Bukta anaiona kutoka upande wa pili wa bwawa. Basi sheria inayoonekana ndiyo inayopigiwa filimbi, na ile yenye maana inaachiwa dhamira ya mtu. Wangeniambia hivyo, ningevua bila kinyongo.

Fundi wa pampu

Hapo umesema. Mimi nikiona mtu anatoka bafuni nywele kavu, najua leo nina kazi.

Mtu wa Tanga

Mleta mada, umezunguka sana. Ile ya kwenye mashine ulinunua au ulirudi nyumbani?

Mleta mada

Nilinunua. Zilikuwa zimebaki S tu.

Dada wa Mbweni

Astaghfirullah. Na una kilo ngapi?

Mleta mada

Tisini na mbili. Niliogelea humo humo mpaka saa ya kufunga, kutoka nilikuwa naogopa.