Mbung'o wa Tarangire na bakteria wa tumboni: huyu mgeni ana hoja?

Dereva_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kuendesha wageni, nyumbani Arusha. Juzi tuko Tarangire, kule upande wa Silale, mbung'o wakatuvamia mpaka nikafunga vioo vyote, wageni wakalia joto. Kopo la kinyesi cha tembo nililotundika nyuma ya gari ili litoe moshi lilikuwa limeshazima. Sasa mama mmoja Mjerumani, mwalimu wa baolojia kwao, akaniambia nisihangaike: eti mbung'o wengi hawana malale kwa sababu kuna bakteria tumboni wanaowakinga. Nikanyamaza, maana chuoni tuliambiwa mbung'o ni malale, basi. Kuna ukweli? Na kama upo, yale matambara ya bluu na nyeusi yametundikwa porini ya nini? Mwenye ujuzi anijuze, wiki ijayo narudi huko.

Kijana_UsaRiver
Mkuu, ya bakteria siyajui. Mimi huwa nawaambia wageni tangu jioni hotelini: kesho hakuna jinzi, hakuna fulana nyeusi. Asubuhi wanashuka na jinzi zao.

Mama_Maabara
Kaka Njiro, mwalimu hakukudanganya, ila usimwachie akutulize moyo kiasi hicho. Nimepasua mbung'o wengi kwenye maabara ya mifugo, ngoja nieleze.

Mbung'o chakula chake ni damu tu, dume kwa jike. Damu ina protini tele lakini vitamini za kundi B ni haba. Anayemtengenezea ni bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayekaa kwenye kiungo chake maalumu mwanzoni mwa utumbo wa kati. Ukiunyoosha utumbo chini ya darubini unakiona, sehemu nene, nyeupe kuliko kwingine. Muue bakteria huyo kwa antibiotiki, na jike hazai tena.

Na uzazi wenyewe ni kioja. Mbung'o hatagi mayai. Anabeba buu mmoja mmoja, anamnyonyesha maziwa humo humo tumboni, anamzaa akiwa ameshanona, na buu anajichimbia udongoni papo hapo. Bakteria hupitia kwenye maziwa hayo, kutoka kwa mama hadi mtoto.

Malale inaingia hapo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza walichokiona kwa mbung'o waliokua bila Wigglesworthia tangu ubuu. Walitoka na seli chache za kinga. Baadaye ikaonekana pia kwamba ule utando unaozunguka damu ndani ya utumbo, ambao kimelea wa malale lazima aupenye, haukujengeka sawasawa. Vimelea vikawashika kirahisi hata wakiwa wakubwa, umri ambao mbung'o wa kawaida huvifukuza. Yaani kazi kubwa ya huyu bakteria ilishafanyika nzi angali buu.

Yupo bakteria mwingine, Sodalis, na huyu ndiye wanayembishania: tafiti nyingine zinamkuta zaidi kwa mbung'o wenye vimelea, nyingine hazioni tofauti yoyote.

Sasa wewe na wageni wako. Wengi hawana malale, sawa, lakini yule mmoja akishaambukizwa, vimelea vikafika kwenye tezi za mate, anabaki navyo maisha yake yote. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliokuwa wamepita Tarangire na Serengeti waliugua malale. Ya kwetu ni aina ya rhodesiense, inakwenda mbio. Mgeni akipata homa, au uvimbe wenye kidonda palipoumwa, aseme alikotembea na damu yake iangaliwe kwa darubini. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale. Kitasema hana malaria, mtu atapewa panado arudi kulala.

Matambara yana dawa ya kuua mbung'o. Bluu inamvuta, nyeusi inamfanya atue.

Mfugaji_Simanjiro
Shikamoo mama. Huku ng'ombe akikohoa tu anachomwa OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Mbung'o akinyonya huyo, bakteria wake si watakufa? Isije ikawa tunajifugia mbung'o wabaya.

Mama_Maabara
Marahaba. Umeuliza vizuri kuliko mwalimu. Maabara ndivyo wanavyofanya hasa, wanatia tetrasaiklini kwenye damu, lakini mlo baada ya mlo. Porini mbung'o leo yuko kwa ngiri, keshokutwa nyati, siku moja moja ndiyo ng'ombe wako. Dozi haikamiliki. Kinachonikera mimi ni OTC kuchomwa kwa ng'ombe mwenye nagana, yaani malale ya mifugo. Haiui vimelea vile! Mwite daktari wa mifugo apime damu, akiona vimelea atampa diminazini, ile mnayoiita Berenil.

Kijana_UsaRiver
Si wawageuze hao bakteria wamalize kazi? Unguja si waliwamaliza mbung'o?

Mama_Maabara
Unguja walitumia madume yaliyotasishwa kwa mionzi, yakifugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege tangu 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Lakini kile ni kisiwa, hakuna wa kuhamia. Ukisafisha Tarangire, wa nje ya hifadhi wanaingia wenyewe. Hilo la bakteria linafanyiwa kazi: Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, imeshamfanya Sodalis atoe chembe za kushambulia kimelea ndani ya nzi. Ni maabara bado.

Dereva_Njiro
Shukrani sana dada. Shida ni kwamba ofisi imetupa sare mpya. Fulana za bluu iliyokoza, kola nyeusi.

Mama_Maabara
Hahaha! Mmevalishwa tambara, dawa hamkupewa. Dai kaki kabla ya wiki ijayo.