Msituhubirie amani kabla hamjatuambia ndugu zetu wako wapi

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo anayetaka ligi ya vyama akaanzishe uzi wake. Mimi nina jambo moja tu: nimechoka kuhubiriwa amani na watu ambao hawataki kutuambia waliokufa kwenye vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025 ni nani na wamelala wapi.

Ukifungua redio asubuhi ni amani. Mkutano wa mtaa unafunguliwa kwa amani na kufungwa kwa amani. Viongozi wa dini wamekaa, wazee wamekaa, kamati imekaa, tamko limesomwa. Vijana msidanganyike, msichezee tunu ya taifa. Haya, tumesikia. Lakini mbona sisi ndio tunaosemeshwa kama watuhumiwa? Mimi naamka usiku wa manane kuwahi dagaa soko la Mwaloni. Pale nakutana na akina mama waliotoka visiwani na mitumbwi, wapakiaji wenye mabega yaliyochubuka kwa magunia, vijana wa mikokoteni. Hawa watu wanapigania sado moja ya dagaa na mia mbili ya faida. Amani ya nchi hii inalindwa na hawa kila siku kwa kuvumilia tu. Kuwaita uwanjani na kuwaonya ni kuwakosea adabu.

Sasa nieleze ya jirani yangu. Nimemwomba ruhusa, kanipa, jina lake nalihifadhi.

Ana kijana wake wa bodaboda. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, kijana alitoka mchana akasema anamfuata abiria wake wa kila siku, harudi mbali. Mnakumbuka intaneti ilizimwa siku hiyo hiyo. Simu ya kawaida iliita hadi jioni, kisha ikawa haipatikani. Haijapatikana tena. Pikipiki nayo haijaonekana. Mama alianza kuzunguka: kituo hiki, kituo kile, hospitali, chumba cha maiti. Mahali pamoja waliandika jina la kijana kwenye daftari wakamwambia arudi kesho. Kesho yake wakamwambia daftari lile halina jina hilo. Mama yule hajui kusoma vizuri, lakini aliona kwa macho yake kalamu ikiandika. Hadi leo akisimulia anarudia hapo hapo, kwenye kalamu.

Ikapita wiki, ukapita mwezi. Ndugu wakaja kutoka Magu na Sengerema, kikao cha ukoo kikakaa, kikagawanyika. Wakubwa wakasema tuweke matanga, mtu alie, apumzike. Upande wa mke wa kijana wakakataa, wakasema mnamzika mtu ambaye huenda yuko mahabusu mahali anahesabu siku. Na kweli wakati ule mamia ya vijana walikuwa wamefunguliwa mashitaka ya uhaini, baadaye wengi wakaachiwa, kwa hiyo kila kundi likiachiwa huyu mama alikuwa anaoga, anavaa kitenge chake kizuri, anakwenda kusimama nje ya geti. Anarudi na miguu imejaa vumbi.

Sisi majirani tukaenda kukaa naye. Wakuu, nimehudhuria misiba mingi, sijawahi kuona kikao kama kile. Chai ilichemshwa, mikeka ikatandikwa, lakini hakuna aliyethubutu kufunga turubai. Mtu anaingia, anashika mkono wa mama, anakwama. Aseme pole na msiba? Pole na mtihani? Wengi walisema pole tu wakanyamaza. Daftari la rambirambi halikufunguliwa kwa sababu juu yake ungeandika nini.

Huku mwenye pikipiki anataka pikipiki yake. Ilikuwa ya mkataba, imebaki miezi michache imalizike, na mdhamini ni mama mwenyewe. Simlaumu sana yule mwenye pikipiki, naye ana mkopo wake. Mke wa kijana ana mtoto wa chekechea na mwingine mgongoni. Kwenye laini ya simu ya mumewe kuna akiba walikuwa wanaweka ya kununua kiwanja Kisesa. Akaenda kuulizia, akaambiwa alete hati ya kifo. Akaenda panapotolewa hati ya kifo, akaambiwa alete kibali cha mazishi. Kibali cha mazishi anakitoa wapi bila mwili?

Huyo ndiye mnayemwambia adumishe amani.

Na sisi wa ukanda huu msiba wa namna hii tunaujua kuliko wengi. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na hao peke yao walishapita idadi hiyo. Daraja la tatu, wale wa kulala juu ya mikungu ya ndizi na chini ya ngazi, hawakuandikwa popote. Ndiyo maana mpaka leo vifo vinatajwa kwa kukadiria, zaidi ya 800. Nendeni makaburi ya Igoma mkaone. Na wapo ambao hata Igoma hawapo, ziwa liliwachukua moja kwa moja, na ndugu zao walizika nguo au hawakuzika kitu. Maskini katika nchi hii anaweza kufa bila kuandikwa kwamba alipanda.

Ikapita miaka 22. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikatoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara, kikapinduka gati la Bwisya likiwa linaonekana, watu waliokuja kupokea wageni wao wanashuhudia. Uwezo ulikuwa watu 101. Waliokufa kwa hesabu ya serikali ni 228. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi, na Jumamosi wazamiaji wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai, baada ya siku mbili ndani ya chuma kilichopinduka. Mimi nina watu Ukara. Walioketi ufukweni usiku ule wakiangalia tumbo la kivuko wakati uokoaji umesimama, hawatakuja kuwa na usingizi wa kawaida tena, na hakuna aliyewahi kurudi kuwauliza wanalalaje.

Baada ya MV Bukoba kulikuwa na maombolezo na tume. Baada ya MV Nyerere, maombolezo siku nne, bodi za taasisi zinazosimamia vivuko zikavunjwa, tume ikaundwa. Sipingi tume, nisieleweke vibaya. Ninachopinga ni kwamba tume imekuwa mahali pa kupeleka hasira zetu zikapoe. Inatangazwa kwa kishindo, inakusanya maoni, inakabidhi ripoti, na yule mama wa Bwisya ambaye mwanawe alikuwa anatoka gulioni hapati hata mtu wa kumsomea ukurasa mmoja kwa lugha anayoielewa.

Na ya Oktoba nayo Rais alitangaza tume Novemba. Kisha sherehe za Desemba 9 zikafutwa, ikaelezwa fedha zake zitakarabati miundombinu iliyoharibiwa. Nilipoisikia ile taarifa nilizima redio. Miundombinu ina bajeti, ina orodha, ina mkandarasi. Kila kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichoungua Dar es Salaam kinajulikana kwa jina lake. Kijana wa jirani yangu je? Yuko kwenye orodha ipi?

Najua kuna watakaokuja hapa chini na "waliochoma mali nao?" Nawajibu mapema. Aliyechoma mali ya mtu apelekwe mahakamani kwa jina lake na kwa kosa lake, asomewe, ajitetee, ahukumiwe. Hilo ndilo ninalolidai na kwa upande wa pili. Aliyefyatua risasi naye ana jina, aliyetoa amri ana jina, aliyekufa ana jina. Mbona majina ya upande mmoja yanapatikana haraka hivyo?

Mimi mwenyewe nilipata hasara siku zile. Nilikuwa na magunia ya kwenda Kahama, gari halikutoka, mteja hapatikani mtandaoni, mvua za Novemba zikaingia, dagaa wakalowa wakaanza kunuka, nikawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Iliniuma, lakini ile ni pesa, nitaitafuta tena na ziwa lipo. Siwezi kuiweka mezani pamoja na mtoto wa mtu.

Na hasira hizi hazikuanza Oktoba. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na mlimani kwetu bado tunahesabu ndoo, maji yanatoka usiku wa kuamkia siku asiyoijua mtu. Mwaka 2018 operesheni ya uvuvi haramu iliteketeza nyavu za watu, wengine walikuwa hawajamaliza kuzilipia. Machinga walipewa vitambulisho vya elfu ishirini, wakaambiwa wasibughudhiwe, mwaka 2021 wakaondolewa barabarani. Kila moja peke yake mtu anameza. Kijana wa miaka ishirini na mitatu amezimeza zote, halafu siku akipaza sauti tunamshangaa katoa wapi hasira.

Anayetaka kujua amani inatafutwaje asiende mbali, aende Zanzibar. Januari 26 na 27, 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba kwenye maandamano baada ya uchaguzi wa 2000, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi ya kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi. Muafaka wa CCM na CUF ukasainiwa mwaka huo huo wa 2001. Ikaundwa tume chini ya Brigedia Hashim Mbita, waliokufa wakahesabiwa. Muafaka ule haukutosha, ikabidi hadi Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif wa CUF wakae wawili wazungumze, na Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Ilichukua karibu miaka kumi na mapungufu yake tunayajua. Ila angalieni ilivyokwenda: ilikubalika kwamba kuna watu wamekufa, halafu wenye ugomvi wakakaa meza moja. Hakuna aliyeanza kwa kuwaambia wajane watulie.

Kwa hiyo wanaosema "tusahau tusonge mbele" naomba waelewe kitu. Mimi nataka kusonga kuliko wao. Nataka kulala. Nataka watoto wangu wakisikia king'ora wasikimbilie chini ya kitanda, kwa sababu sasa hivi ndivyo wanavyofanya. Nataka kurudi kubishana na rafiki zangu kuhusu Simba na Yanga bila kuangalia nani amekaa nyuma yetu kijiweni. Nimejaribu kusali, nimejaribu kuacha kufuatilia habari, nimekaa ziwani jioni na mitumbwi ya dagaa ikiwasha taa zake, na moyo haukutulia, kwa sababu nikirudi nyumbani lazima nipite mlangoni kwa yule mama na lazima nimsalimie.

Orodha itoke. Majina kamili, mahali, siku, na mwili ulipo. Kama kuna makaburi watu waonyeshwe, wachimbe, wazike upya kwa dini zao na mila zao. Kama kuna walio hai wanaoshikiliwa, ndugu waambiwe leo. Hilo halihitaji mkutano wa hadhara wala fulana zilizoandikwa amani. Waheshimiwa wabunge wa Kanda ya Ziwa, mlipotaka kura mlifika hadi kwenye kambi za wavuvi kwa boti. Fikeni tena. Kaeni kwenye mkeka wa yule mama mnywe chai yake, halafu mtoke mseme mlichoambiwa.

Na kwenu humu ndani. Wanasheria mpo wengi, naomba msaada wa kweli, siyo pole. Mtu amepotea, mwili haujapatikana, hakuna kibali cha mazishi. Mkewe anaanzia mahakama ipi ili aweze kusimamia vitu vya mumewe? Anahitaji mashahidi wa aina gani, na je, barua ya mtaa inasaidia? Mdhamini wa pikipiki ya mkataba anabanwa vipi kisheria ikiwa dereva na chombo vyote havijulikani vilipo? Mwenye uzoefu wa ndugu wa MV Bukoba au MV Nyerere ambao hawakupata mwili, waliwezaje kupata karatasi? Andikeni hapa hapa na wengine wasome, maana najua yule mama hayuko peke yake. Nitachapisha kila jibu kwenye karatasi na kumpelekea mke wa kijana, yeye anasoma.