Mafunzo ya bidhaa za nazi kwa kina mama Kigamboni, tunapigwa au?

Mtoto wa Pwani: Wakuu habari za mchana. Huku kwetu Pemba Mnazi kina mama wamejikusanya wanataka kujifunza mafuta ya nazi, sabuni, kashata, maana mchuuzi anakuja na kirikuu anabeba nazi kwa bei anayoitaka yeye. Kuna jamaa anataka alipwe aje kufundisha vyote kwa siku mbili. Inawezekana kweli?

Kifuu Kitupu: Siku mbili vyote?? Mtapata cheti na soda mkuu 😂 Sabuni peke yake ina kostiki, kemikali kali, mtu akikosea vipimo inamchuna mikono.

Dada wa Mbagala: Anzeni na mafuta tu kaka. Na mwalimu awakalishe mpike wenyewe hasa, siyo yeye anapika nyie mnapiga picha. Mafuta yanayonuka mara nyingi ni maji yamebaki ndani. Tui likilala lile zito linapanda juu, unalitoa unalipika moto mdogo, utalisikia linachachatika, sasa sauti ikikata na zile chenga za chini zimekuwa za kahawia ndo unaepua, ukiwahi kuepua yatanuka dukani na mteja ndo basi tena. Chupa nazo zikauke kabisa jamani, watu wanaosha asubuhi mchana wanajaza! Halafu mteja akilalamika yameganda mwambieni siyo feki, yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda yenyewe.

Mzee wa Makaratasi: Pitieni SIDO, wale wa viwanda vidogo, kwanza ndo muende TBS, shirika la viwango, na msizungushwe, vipodozi na chakula viko TBS tangu 2019. Mkisajili kikundi kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 ni ya wanawake, haina riba.

Mtoto wa Pwani: Asanteni sana. Sasa dada, bei tunapangaje? Kina mama wanasema nazi ni za shambani kwao kwa hiyo bure.

Dada wa Mbagala: Bure wapi! Wangemuuzia yule wa kirikuu si wangepata hela? Weka bei ya nazi, kuni, chupa, lebo, nauli ya kuja mjini, na aliyekaa kwenye mbuzi kutwa nzima anakuna naye alipwe, hiyo ndo wanaisahauga wote. Chicha uzieni wafuga kuku, vifuu wapeni mama ntilie kwa hela, siyo kwa shukrani.