Barua za babu aliyekuwa baharia ziko kwa herufi za Kiarabu, naomba msaada wa kuzielewa

Mjukuu_Majengo
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Majengo. Bibi yetu amefariki mwezi uliopita, kwenye sanduku lake tumekuta barua 11 za babu, alikuwa baharia wa jahazi na kwao ni Pangani, bibi alihamia huku baadaye na treni ya Tanga akaja nazo. Ni Kiswahili ila kwa herufi za Kiarabu. Nimempelekea ustadhi wa madrasa akasoma moja, yote ni salamu tu, fulani anakusalimu na fulani naye anakusalimu, halafu mwishoni "nangoja ubibu wa kusi" na tarehe Mfungo Nane 1368. Ubibu ni nini jamani? Na mbona hamna hata neno moja la mapenzi, mama yangu imemuuma sana, anauliza kama kweli babu alimpenda bibi.

Mdigo_Ngarenaro
Pole sana kwa msiba ndugu yangu. Mimi naishi Arusha ila ni mtu wa Tanga, marehemu mzee wangu alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia chomboni. Hiyo ubibu ni UPEPO. Kiarabu hakina p, wazee wengi waliandika b, na e inaandikwa kama i, o kama u, kwa hiyo ustadhi kasoma sawa kabisa kilichoandikwa, ila ukiwa hujui mambo ya bahari neno hulipati. Mfungo Nane 1368, yaani mwezi wa nane baada ya Ramadhani kwa kalenda ya Kiislamu, ni Machi 1949. Hapo kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inaishiaishia, kusi inaanza Aprili hivi, na kusi inasukuma chombo kutoka kusini kuja juu. Sasa mtu wa Pangani anayengoja kusi ujue yuko huko chini, Kilwa au delta ya Rufiji kwenye boriti za mikoko. Anamwambia mkewe upepo ukigeuka tu narudi. Hilo ndo neno la mapenzi mnalolitafuta.

Mama_Kiboriloni
Poleni. Barua za zamani zilikuwa za nyumba nzima mwanangu, inasomwa kwa sauti na anayejua kusoma, wakwe wote wamekaa hapo, nani aandike ya chumbani? Na hayo majina msiyaruke, mara nyingi ni mabaharia wenzake wanataka kwao wajue kwamba ni wazima. Halafu tafadhali msizipige lamineshen wala selotepu, inaharibu karatasi. Pigeni picha zote kwanza, mziweke pakavu.

Mdigo_Ngarenaro
Mama kasema kweli. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana miswada mingi ya Kiswahili ya herufi hizo, waandikie na uwatumie picha.

Mjukuu_Majengo
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mama majibu yote, akakaa kimya muda mrefu akihesabu vidole, halafu akaniambia, mimi nimezaliwa Januari 1950.