Tupeane uzoefu: Kufunga mota ya katikati kwenye baisikeli ya kawaida, hapa Nairobi

Mpanda Uthiru
Wadau, habari za jioni. Kila nikisimama kwenye taa kuna mtu ananiuliza kuhusu mota iliyo kwenye padeli zangu, na majibu mazuri hayatoshi kutolewa kabla taa haijageuka kijani. Waliofunga mota ya katikati, ile inayokaa mahali pa ekseli ya padeli na kuvuta cheni, tuelezeni mlivyofanya. Za kwenye gurudumu tuziache kwa leo.

Naanza mimi. Asubuhi nashuka kwenda Industrial Area, jioni napanda. Kupanda huko ndiko kulikoniamulia. Mota ya gurudumu haitumii gia za baisikeli, kwa hiyo ikilemewa mlimani mwendo unapungua na umeme mwingi unaishia kuwa joto. Ya katikati inapitisha nguvu kwenye gia zako za nyuma. Unaweka gia nyepesi, mota inazunguka haraka bila kulemewa, na Waiyaki Way inapandika.

Nilifunga mota aina ya Bafang BBS02 ya wati 750, volti 48, kwenye fremu ya chuma ya mtumba. Kabla hujatuma pesa popote, pima bomba la ekseli ya padeli. Likiwa na upana wa milimita 68 au 73 na lina thredi ndani, uko sawa. Fremu nyingi mpya zina bearing za kugongwa zisizo na thredi, na hizo zinahitaji adapta. Halafu jambo moja ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalijui: kwenye hizi fremu za thredi za kawaida, kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia. Mwambie fundi kabla hajashika spana, maana akilazimisha upande wa kushoto ataharibu thredi za fremu nzima.

Fundi wa Kawangware
Umesema vizuri, ndugu. Naongeza ya karakana. Chini ya bomba huwa kuna kiplastiki cha kupitishia waya za gia. Mara nyingi kinazuia mota isikae, kwa hiyo kitoe na waya zipitishwe kwingine. Pia angalia kama mota inapita bila kugusa bomba linaloenda gurudumu la nyuma, maana fremu nyingine zimepinda vibaya hapo. Nati kubwa ya kushikilia mota ikazwe kwa nguvu, kisha irudiwe baada ya siku chache za kuendesha. Mota ikisukuma, mwili wake unataka kujizungusha ndani ya fremu, na nati iliyolegea itaiachia.

Watu huniletea Black Mamba, zile baisikeli nzito za zamani za chuma, wakitaka niziwekee. Nakataa, na sioni haya kukataa. Haina gia, kwa hiyo faida kubwa ya mota ya katikati imepotea. Halafu breki zake za fito kwenye rimu iliyolowa hazitasimamisha mtu aliyezoea mwendo wa mota.

Mama wa Marikiti
Mimi nabeba mboga kutoka Marikiti hadi Hurlingham kupitia Valley Road. Yeyote aliyepanda pale na mzigo anajua. Kabla ya mota nilikuwa nashuka na kusukuma, sasa napanda nimeketi, na nafika kabla wateja hawajaenda kazini. Hiyo kwangu ni pesa ya karo, kwa hiyo naiongelea kwa moyo wote.

Ninachowaambia wenzangu: badilisha gia kabla ya kufika mlimani. Mota inavuta cheni kwa nguvu kuliko miguu ya mtu, na ukibadilisha gia ikiwa inavuta utasikia mlio wa kuumiza, cheni inaruka au inakatika. Kuna kihisi kidogo kinachofungwa kwenye waya wa gia, kinakata umeme kwa muda mfupi sana gia inapohama. Mwenye mzigo asikikose. Cheni na sproketi ndogo za nyuma zitaisha haraka kuliko zamani, wekea akiba.

Kijana wa Roysambu
Naongelea betri, maana hapo ndipo watu wanaumia. Mota unaweza kuagiza, lakini betri za lithiamu ni mzigo wa hatari kwa sheria za ndege, ndiyo maana wengi tunaundiwa hapa mjini. Ya volti 48 kwa kawaida ni seli 13 mfululizo, ikijaa inasoma 54.6. Muulize anayekuundia seli ni mpya au zimetolewa kwenye laptopu. Uliza BMS yake, ile saketi ya kulinda betri, inaruhusu ampea ngapi, na kama imezidi zile ambazo kontrola, kile kifaa cha kuendesha mota, inavuta. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Seli ziunganishwe kwa vibati vya nikeli vinavyochomelewa kwa mashine. Kuzichoma moja kwa moja kwa risasi na pasi ya moto kunaziua.

Usichajie kwenye mlango unaotegemea kutokea moto ukiwaka. Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja, kwa hiyo hili si dogo. Gharama ya kuchaji haitishi: betri ya 48 kwa ampea-saa 13 inabeba wati-saa 624, haifiki hata uniti moja ya stima.

Msafiri wa Limuru
Kwa wanaouliza itafika wapi: uwanja wa ndege wa JKIA uko mita 1,624 juu ya bahari, Dagoretti Corner inakaribia 1,800, Limuru imepita 2,200. Mtu, baisikeli na begi vikiwa kilo 100, kila mita 100 za kwenda juu zinadai wati-saa 27, kabla ya upepo, tairi na joto la mota. Kwa hiyo kuja kwetu kutoka mjini, mlima peke yake, wa zaidi ya mita 500, unakula zaidi ya wati-saa 135. Nikipiga padeli kwa bidii betri hiyo ya 624 inanirudisha nyumbani vizuri. Nikikaa tu na kushika throto, ile ya kuongeza mwendo bila kupiga padeli, skrini inaanza kunionya mapema.

Nami nina swali. Breki zangu ni za mafuta, na mishikio ya kukata umeme iliyokuja na mota ni ya waya. Nifanyeje?

Fundi wa Kawangware
Usibadilishe breki, hizo ndizo unazohitaji ukishuka. Agiza kihisi cha sumaku. Kihisi kinagandishwa kwenye mwili wa mshikio, sumaku kwenye mkono unaovutwa, viachane milimita chache tu. Inua gurudumu la nyuma, washa mota, kisha vuta breki kidogo sana. Mota lazima inyamaze kabla pedi hazijagusa diski. Ikichelewa, sogeza sumaku ujaribu tena, ndipo ugandishe kabisa.