Milima inanigomea: naombeni ushauri wa kupaka rangi, na hii sanaa ya sasa niitazameje?

MwalimuMoro:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mkazi wa Morogoro. Kuchora kwa penseli nimekuzoea tangu utotoni, ila rangi nimeanza hivi karibuni na ndipo ninaposumbuka. Natumia akriliki za seti ya mirija 12, brashi za kawaida na zile kanvasi ndogo za dukani.

Kwanza, rangi zangu zinageuka tope. Nachukua kijani cha mlima, natia nyekundu kidogo ili kipoe, naongeza bluu, naongeza nyeupe, mwisho napata kijivu ambacho sikukitaka. Pili, milima ya Uluguru naiona kila asubuhi nikiwa barazani, ipo mbali kabisa, lakini kwenye kanvasi inakuja mbele na kulingana na mwembe wa jirani. Nimejaribu kuipunguza ukubwa, haisaidii.

Jambo la tatu si la brashi. Nilikwenda Dar kwenye onyesho la sanaa ya kisasa. Ukuta mzima ulikuwa magunia yaliyochakaa, yameshonwa pamoja, mengine yana viraka na maandishi ya kalamu nene. Rangi hakuna hata tone. Nilisimama pale muda mrefu nisijue natakiwa kuona nini. Rafiki yangu aliyenipeleka akaniambia nimeachwa nyuma, mambo ya mlima na mwembe yamepitwa, siku hizi sanaa ni wazo. Nimerudi nyumbani sina hamu. Kama wazo ndilo kila kitu, kuna haja gani ya kuhangaika na kivuli cha mlima?

Sitafuti kuuza. Nataka kuelewa ninachofanya. Wenye uzoefu naomba msaada, na mnieleze kama mtu anayeanza.

RangiMbili:

Karibu sana mwalimu. Naanza na tope.

Nyekundu na kijani zinapingana, zikikutana zinauana. Kidogo tu ni sawa, unapata kijani kilichotulia. Ukileta bluu na nyeupe juu yake, hakuna rangi hata moja inayobaki na nguvu. Jiwekee sharti: kila mchanganyiko uwe rangi mbili na nyeupe, basi. Mirija mingine ifungie kabatini. Baki na ultramarini (bluu iliyokolea), hudhurungi ya amba, njano, nyekundu na nyeupe. Nyeusi iache kwanza. Ultramarini ukiichanganya na amba unapata giza zuri kuliko nyeusi ya mrija, na unaweza kulipeleka kwenye ubaridi kwa kuzidisha bluu au kwenye joto kwa kuzidisha hudhurungi.

Halafu angalia maji yako. Weka makopo mawili, moja la kuoshea brashi na jingine la maji safi ya kuchanganyia. Na ukishapaka, iache ikauke. Akriliki ikiwa nusu mbichi ukarudi kuisugua, unachimbua rangi ya chini na kuivuruga na ya juu. Watu wengi wanalaumu uchanganyaji kumbe tope linatokea palepale kwenye kanvasi. Ujue pia kwamba akriliki ikikauka inakolea kidogo, kwa sababu gundi yake ikiwa mbichi ni nyeupe na ikikauka inakuwa angavu. Ukichanganya, ifanye nyepesi kuliko unavyotaka iwe.

Sasa mlima. Ukubwa hauna kosa, kinachokosekana ni hewa. Kati yako na Uluguru kuna unyevu na vumbi jingi, na hewa hiyo inapunguza giza na kuongeza ubluu. Fanya hivi: toboa tundu dogo kwenye karatasi nyeupe, nyoosha mkono, utazame mlima kupitia tundu hilo. Utaona rangi yake bila mlima wenyewe, na sidhani kama utaona kijani. Akili inajua kule kuna msitu, ndiyo maana inakulazimisha uchukue mrija wa kijani. Ukishaiona, ichanganye: nyeupe nyingi, ultramarini kidogo, chembe ya amba. Giza lako kali kuliko yote liweke chini ya mwembe peke yake, pengine popote usiliweke. Kisha piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama mlima na mwembe vina giza sawa, bado.

Kibibi_Tanga:

Nafuatilia uzi huu, na mimi naanza. Kanvasi bei zimenishinda. Mtu anaweza kujifunzia kwenye nini?

FundiMabango:

Kibibi, nenda kwa wauza mbao ununue hadibodi, waambie wakukatie vipande. Upande laini piga msasa kidogo, paka imalshen nyeupe mikono miwili, kila mkono ukauke vizuri, kisha msasa tena. Ukipenda kitambaa, chukua marekani, mpe fundi seremala akutengenezee fremu, ukivute na kukibana kwa nyuma, halafu imalshen. Kwa kazi unayotaka ikae miaka mingi, nunua rangi ya msingi ya wachoraji. Kwa kujifunza, imalshen inatosha.

Mwalimu, mimi ni mchoraji wa mabango, natumia rangi za mafuta za kung'aa, zile za milango na mageti. Nikuonye mapema kwa kuwa iko siku utashawishika kuzijaribu: rangi ya mafuta inakaa juu ya akriliki au imalshen, lakini akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka. Thina na tapentaini zitumie mahali penye upepo, mbali na watoto na mbali na jiko. Tambara lililolowa mafuta ya kitani usilifinyange ukalitupa kwenye ndoo, linaweza kujiwasha lenyewe. Litandaze nje likauke.

Sasa hili la sanaa ya sasa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968. Hakuwa na kanvasi wala mirija ya Ulaya. Alichukua hadibodi za dari na rangi za kung'aa, zile za kupakia hata baiskeli. Tazama hizo picha zilivyo: usuli wa rangi moja, mnyama mmoja mkubwa katikati, mistari iliyo wazi, vidoa juu. Watu husema ni mtindo, mimi kama fundi naona rangi yenyewe ikizungumza. Rangi ile inakauka polepole na haitaki kufifishwa kidogo kidogo kutoka giza kwenda mwanga. Unapaka usuli, unasubiri, unapaka mnyama, unasubiri, ndipo unaweka vidoa. Alifuata rangi inakotaka kwenda, na humo humo akapata kitu ambacho hakikuwepo. Alifariki 1972, miaka michache tu tangu aanze, na waliojifunza kwake wakaendeleza hadi kuwa na ushirika wao pale Oysterbay. Leo mtu anaiita Tingatinga sanaa ya asili. Mwaka 1968 ilikuwa sanaa mpya kabisa.

Kwa hiyo ukisikia wazo na ufundi vinatenganishwa, usikubali haraka.

MzeeWaTemeke:

Mwanangu mwalimu, mimi nakuunga mkono kwa hilo la magunia. Nimefanya kazi sokoni maisha yangu yote, magunia nayajua. Mtu akitundika gunia ukutani bila kulifanyia kazi, akaandika karatasi ndefu ya maelezo pembeni, sioni alichonipa. Kazi ya mkono inaonekana hata kwa asiyesoma. Ikihitaji karatasi ndiyo ieleweke, basi karatasi ndiyo kazi. Endelea na milima yako.

Dada_wa_Ngara:

Shikamoo mzee. Niko Nairobi, nashinda kwenye maonyesho kila nikipata nafasi, na ninakuheshimu lakini hapa hatukubaliani. Ulivyosema kwamba magunia unayajua, hapo ndipo una faida kuliko sisi wengine.

Kuna msanii wa Ghana, Ibrahim Mahama. Amefunika majengo mazima kwa magunia ya juti, mwaka 2017 alifanya hivyo Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta. Magunia hayo hutengenezwa Asia, huletwa Ghana kubebea kakao inayosafirishwa nje, kakao ikishakwenda gunia linabaki, linabeba nafaka, linabeba makaa, linatobolewa, linatiwa kiraka, mwenye mzigo anaandika jina lake. Yote yameandikwa juu ya kitambaa. Mtu aliyefanya kazi sokoni anaweza kuyasoma bila karatasi ya maelezo. Mwalimu, hayo maandishi ya kalamu nene uliyoyaona, ulijaribu kuyasoma? Mimi nikisimama mbele ya kazi ya namna hiyo naacha kuuliza "inaonyesha nini", nauliza imetengenezwa kwa kitu gani, na kitu hicho kilipita mikono ya nani kabla ya kufika pale. Nisipopata jibu hata baada ya kuuliza hivyo, naondoka na roho nyeupe. Kazi dhaifu za magunia zipo, kama zilivyo picha dhaifu za twiga.

Na yule rafiki yako aliyesema mandhari yamepitwa, mwambie amtafute Michael Armitage, mzaliwa wa hapa Nairobi. Ni mchoraji wa leo, anajulikana dunia nzima, na anapaka rangi ya mafuta: watu, miti, vilima, umati wa siasa. Tofauti ni kwamba hapaki kwenye kanvasi. Anatumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba cha Waganda. Gome linachunwa, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kutanuka. Lina matundu na lina mishono, na Armitage hayafichi. Unakuta shavu la mtu limepitiwa na mshono, au tundu limekaa katikati ya anga, na rangi imelazimika kuizunguka hitilafu hiyo. Nilipoona moja kwa karibu nilisahau kwamba nilikuja na wenzangu. Kitambaa hicho Waganda huzikia watu wao, kwa hiyo kabla brashi haijagusa, tayari kina uzito. Hapo utatenganisha vipi wazo na mkono?

MzeeWaTemeke:

Marahaba binti. Hilo la jina la mwenye mzigo nimelielewa. Sisi tulikuwa tunaandika ili magunia yasichanganyike kwenye lori. Bado nasema gunia litundikwe na mtu aliyejua lilikotoka, na hapo sitabishana nawe.

MwalimuMoro:

Asanteni sana, mmenirudishia hamu. Nimefanya lile zoezi la tundu la karatasi. Mlima kumbe ni bluu iliyofifia, tofauti yake na anga ni ndogo mno, sikuamini mpaka nilipoichanganya na kuiweka. Sasa umerudi nyuma! Magunia sikuyasoma, yale maandishi niliyaona kama uchafu. Nitarudi kabla onyesho halijafungwa.

Nina maswali mawili ya mwisho. Mstari unaogawa mlima na anga umekuwa mkali kama umekatwa kwa mkasi, nifanyeje? Na kunakili kazi za wengine ili kujifunza kunafaa, au ni wizi?

MstaafuWaSanaa:

Mwalimu mwenzangu, naomba nijibu hilo la kunakili, nimelifundisha darasani miaka mingi.

Mzee Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, alikuwa mkali sana juu ya hilo. Alisema kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nilipokuwa kijana niliona anazidisha. Kisha nikafika kanisa kuu la Murang'a, hukohuko Kenya, ambako alichora michoro mikubwa ya ukutani aliyoimaliza 1959. Maisha ya Yesu, hadithi iliyochorwa Ulaya mara zisizohesabika, yeye kaiweka kwenye matuta ya Murang'a, na watu wake ni watu wa pale. Angeweza kufuata picha za vitabu vya misheni, zilikuwepo tele. Akatazama mlima uliokuwa mbele yake.

Msimamo wangu ni wa kati. Nakili kipande kidogo tu, mfano jinsi mchoraji fulani alivyopaka mkono au maji, na ukipate kwa vitendo. Kisha geuza karatasi upande wa pili upake kitu chako kwa njia hiyohiyo. Usisaini ulichonakili, usikiuze. Picha nzima usinakili, kwa sababu maamuzi yote magumu alishayafanya mwenzako: nini kiachwe, nini kiwe kikubwa. Mkono utachoka na jicho halitajifunza lolote. Una Uluguru barazani bure kila asubuhi, wenzako wanapanda gari kuifuata.

RangiMbili:

Mwalimu, kuhusu ule mstari. Usiusugue kwa maji, utarudi kwenye tope. Changanya rangi ya tatu iliyo katikati ya anga na mlima, iwe kidogo tu. Chukua brashi kavu, ichovye, ifute kwenye tambara mpaka ibaki karibu haina kitu, kisha ipitishe kwenye mstari kwa mkono mwepesi, hapa na pale. Sehemu nyingine ziache kali. Mstari wote ukilainika mlima utageuka moshi.

Angalia pia chini ya mlima, sio kileleni tu. Asubuhi ukungu unakaa chini, kwa hiyo mguu wa mlima unakuwa na mwanga zaidi kuliko kilele. Wanaoanza wengi wanafanya kinyume, wanatia giza chini wakidhani linaupa mlima uzito. Ongeza nyeupe unaposhuka, na ukifika kwenye paa za nyumba ndipo uanze kurudisha joto, njano na amba. Kwa joto la Morogoro akriliki itakukaukia mkononi, hivyo weka chupa ya kupulizia maji karibu, na rangi uzichanganyie juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye sponji yenye unyevu, ndani ya kontena lenye mfuniko.

Ukimaliza tuwekee picha hapa. Ipigie kivulini nje, bila flashi, rangi zisidanganye.